Mgeni Aliyekaa Masaa Mawili Kwenye Tovuti ya Milango

Kuna mtu aliingia kwenye tovuti yangu ya milango Jumanne moja asubuhi, akakaa humo masaa mawili na dakika kumi.

Milango yenyewe niliyoiweka pale iko kumi na minne tu.

Hata uitazame mmoja mmoja, urudie, uhesabu na skrubu za kwenye picha, dakika tano ni nyingi.

Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa amepata mtoto wa kwanza. Sikujua kwamba mgeni yule ninamfahamu mpaka upana wa mlango wa chumbani kwake.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Mimi ni seremala. Vitanda sitengenezi, makabati sitengenezi. Milango tu, basi. Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, paa la bati, meza moja ndefu na msumeno wa umeme ambao siku za baridi lazima uubembeleze.

Zamani kazi ilikuwepo. Halafu ikaja milango ya kiwandani, mtu anaibeba kama trei ya mayai na kwenda zake. Kazi ikakauka. Ilifika mahali nikawa nawasha msumeno asubuhi ili majirani tu wasikie kwamba kuna shughuli.

Mke wangu ni nesi, mtu wa maneno machache. Jioni moja, akiwa anawavua pacha wetu viatu, akaniambia kaka yake ana nafasi ghalani.

Huyo kaka yake, shemeji yangu, ana ghala la saruji na nondo. Sisi nyumbani tunamwita Meneja, kwa sababu hata kwake anaitisha vikao. Nikauliza nafasi yenyewe ni ipi.

Kusimama mlangoni kuangalia mifuko inayotoka.

Fundi wa milango, nikasimame mlangoni.

Nikaomba muda. Mke wangu akafikiria, akasema nina mpaka shule zifunguliwe. Hiyo ilikuwa miezi mitatu.

Ndipo nikakimbilia kwa Mwalimu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na sasa anatengeneza tovuti za watu sebuleni kwake akiwa amevaa koti kamili kama anasubiri mkaguzi. Alinitengenezea tovuti safi, nyepesi.

Tatizo lilikuwa mimi.

Nilitaka muziki. Nilitaka maandishi yanayopita yakimetameta. Nilitaka mtu akiingia akutane kwanza na mlango unaofunguka polepole kwa mlio. Na nilitaka picha yangu kubwa, nimevaa suti, nimeegemea fremu. Mwalimu alijaribu kunishauri, nikamwambia mteja ni mimi.

Baada ya wiki tatu akaniita. Akageuza kompyuta yake nione takwimu. Watu walikuwa wanaingia, tena wengi. Kwa wastani walikaa sekunde tisa.

"Kwa sekunde tisa picha yako haijamaliza hata kufunguka," akasema. "Imefika kwenye tai."

Mtu mwenye akili angeelewa hapo. Mimi nikaongeza nyota zinazodondoka na gurudumu la bahati nasibu.

Tukashuka mpaka sekunde sita.

Mwalimu akavua miwani. Aliniambia kwa upole kwamba watu hawaikimbii milango yangu, wanakimbia fujo. Mtu anaingia ana shida yake kichwani, mimi nampigia ngoma sikioni. Akaomba ruhusa ya kufuta. Safari hii sikubisha. Muziki ukaondoka, nyota zikaondoka, suti ikaondoka. Chini kabisa akaweka kisanduku kidogo kilichoandikwa: Uliza swali.

Sharti lake lilikuwa moja. Anayeuliza ajibiwe palepale, na binadamu.

Sasa binadamu gani?

Mimi mikono ina gundi. Siku ya kwanza nilijaribu, simu ikatumbukia kwenye ndoo ya vanishi. Mke wangu yuko zamu. Pacha wana miaka minne.

Akabaki mama mkwe.

Mama alikuja kwetu kutibiwa goti, akasema atakaa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wake wa saba kwetu. Kabla ya kustaafu alikuwa opareta wa simu hospitalini, miaka thelathini na moja, yeye na waya zake, akiunganisha madaktari na watu wanaolia. Sasa alikuwa anashinda dirishani na redio, akisikiliza simu za majirani zikiita na kukisia nani anampigia nani.

Nikamwendea kwa adabu zote, nikaeleza kwa mzunguko. Hakuningoja nimalize. Akanyoosha mkono, akachukua simu na kibodi aliyotuazima Mwalimu, akavaa miwani. Akaanza kuandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini.

Nakiri jambo moja hapa. Niliona aibu. Nilitaka watu wadhani nina ofisi. Nikatafuta picha ya msichana anayetabasamu, ana vidude vya kuongelea masikioni, nikaiweka juu ya kisanduku na kuandika: Dawati la Huduma.

Nyuma ya msichana yule alikuwa mama mkwe wangu, mguu juu ya kigoda.

Wiki ya kwanza, dakika tatu. Wiki ya pili, dakika nane. Wiki ya nne, wastani ulifika dakika kumi na tisa, na Mwalimu akazima kompyuta na kuiwasha upya akidhani imeharibika. Kisha ikaja ile Jumanne ya masaa mawili na dakika kumi.

Nikawa siambiliki. Tulipokutana kwenye shughuli ya familia nikamsimulia Meneja kuhusu Dawati la Huduma. Nilitegemea aniulize, kama kawaida yake, kama hao watu wananunua. Badala yake akauliza dawati hilo lina wafanyakazi wangapi. Nikamwambia ni siri ya kampuni.

Lakini usiku kucha unaweza kujidanganya, asubuhi karakana inakwambia ukweli. Hakuna mlango hata mmoja uliokuwa umeagizwa.

Shule zilikuwa zimebakiza wiki tatu kufunguliwa. Nikamwomba Mwalimu anichapie mazungumzo yote ya kisanduku. Akaniletea rundo la kurasa. Nikakaa juu ya meza ya kazi, nikaanza kusoma.

Mwanamke mmoja alitaka mlango mpya wa jikoni kwa sababu wa zamani unakwaruza sakafu. Dawati la Huduma likamjibu: "Usinunue. Huo umevimba kwa mvua. Ukipigwa randa kidogo chini utapona."

Bwana mmoja mlango wake unacheza. Dawati likamwambia akaze skrubu za bawaba kwanza, zikigoma achomeke kijiti cha kiberiti kwenye tundu.

Mwingine aliuliza bei. Dawati likamuuliza: "Unajenga au unaoa?"

Anaoa. Wakaongea dakika arobaini kuhusu mchumba. Mwishoni wakakubaliana kwamba suala la mlango lisubiri mpaka awaone shangazi zake binti.

Na kila mazungumzo yalianza vilevile: mlango ni wa chumba cha nani? Mtu akisitasita, Dawati linaandika: "Endelea, nakusikia." Kana kwamba bado yuko kwenye waya.

Nikaishiwa pozi kabisa. Nilikuwa nimeajiri mtu wa kunifukuzia wateja, na mtu mwenyewe ni mama mkwe.

Nikaenda kwa mke wangu, nikitumaini atanisaidia kuubeba mzigo huo. Akasema pale nyumbani ni mama yake, lakini kwenye tovuti ni mfanyakazi wangu, kwa hiyo nikaseme mwenyewe.

Nikaenda. Nikaanza na habari za goti. Nikasema kukaa muda mrefu si kuzuri, damu haitembei, na kwamba siku hizi kuna majibu ya kujiendesha yenyewe ambayo yatampumzisha.

Mama alivua miwani, akaikunja, akaniwekea simu mkononi.

"Hata hospitalini walipoleta mashine ya kupokea simu walianza na kuniulizia miguu," akasema.

Nilitoka pale nikiwa mdogo kama kipande cha maranda.

Majibu ya kujiendesha yakawekwa. Ukiandika lolote unajibiwa: Ahsante kwa kuwasiliana nasi, bonyeza moja kuona milango. Wiki haikuisha tukashuka mpaka sekunde nane. Watu kumi na moja waliuliza yule dada yuko wapi. Mmoja aliiandikia ile mashine kwamba anaiombea ipate kazi nyingine.

Alhamisi gari la Meneja likasimama nje ya karakana.

Hakuwa amekanyaga pale kwa miaka miwili. Akaingia, akapapasa mbao, akaulizia pacha, akasifia harufu ya msonobari. Nikajua amekuja kunichukua kwenda ghalani. Nikaanza kutafuta maneno.

Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Yule dada wa Dawati la Huduma, mmemwachisha?"

Nikasema yuko likizo.

Akauliza anarudi lini. Nikasema bado haijajulikana. Mtu mwenye ghala na malori alisimama pale akizungusha funguo kidoleni kama mwanafunzi aliyefungiwa nje ya geti. Halafu akapita dirishani kumsalimu mama yake, dakika moja, akatazama saa, akaondoka.

Mimi nikarudi kwenye rundo la kurasa.

Nikatafuta mazungumzo marefu kuliko yote, yale ya Jumanne. Mwalimu huwapa wageni namba, na huyu alikuwa Mgeni 41. Alitaka mlango wa chumba cha kulala usio na kitasa wala komeo. Dawati likamwelekeza namna ya kupima, naye akaleta vipimo: upana sentimita themanini na nne na nusu, urefu mia moja tisini na saba.

Mkono wangu ukasimama.

Hakuna fundi duniani anayetengeneza mlango wa saizi hiyo kwa kupenda. Niliutengeneza mimi, nyumbani kwa Meneja, miaka sita iliyopita, baada ya yeye kuinua sakafu kwa vigae wakati fremu zimeshawekwa. Niliukata mara tatu. Haujawahi kukaa sawa.

Nikasoma yote, ingawa najua haikuwa adabu.

Meneja alikuwa na wiki ya tano akilala sebuleni. Alikuwa amemwandikia mkewe ratiba ya kazi za siku na kuibandika kwenye friji, na chini yake akaacha nafasi ya sahihi. Mkewe aliichana, akaingia chumbani, akafunga komeo. Sasa yeye alitaka mlango usiofungika, na masaa mawili yote yalikuwa ni kueleza kwa nini hakukosea.

Karibu na mwisho Dawati lilimuuliza: "Umeshagonga?"

"Nigonge mlango wa nyumba yangu mwenyewe?"

"Endelea, nakusikia."

Hapo Meneja hakuandika kitu kwa dakika kumi na moja. Saa ya mazungumzo ilionyesha. Alikuwa amekaa tu.

Nikafunua ukurasa ili nipumue. Mgeni 58. Mwanamke. Alitaka mlango wa mbao ngumu kuliko zote tulizonazo, wenye komeo mbili kwa ndani, juu na chini.

Vipimo: themanini na nne na nusu, kwa mia moja tisini na saba.

Ilibidi nishuke kwenye meza.

Mume anataka mlango usioweza kufungwa. Mke anataka mlango usioweza kufunguliwa. Wote wawili wako kwenye tovuti yangu, kila mmoja na simu yake, mmoja sebuleni mwingine chumbani, wanamwita mtu yuleyule dada. Na huyo dada mmoja amemzaa, mwingine ni mkwe wake.

Na mimi niliyekuwa natafuta oda moja tu niokoke, Dawati langu la Huduma lilikuwa limewakatalia wote wawili.

Nikaenda dirishani. Nikapunguza redio.

"Mama, Mgeni 41 unamjua?"

"Tangu siku ya kwanza. Yule toka darasa la tatu anaandika chumba kama shumba."

"Na 58?"

"Huyo nilimjua kwa vipimo. Nyumba mbili haziwezi kuwa na mlango mbaya namna ile."

Nikaimeza hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Akasugua goti.

"Mimi mama yake anakuja kunisalimu dakika moja, jicho liko kwenye saa," akasema. "Kwa yule msichana wa kwenye picha anakaa masaa mawili. Ungekuwa wewe ungemwambia?"

Nikachukua simu na kibodi, nikamrudishia kwa mikono miwili, nikamwomba radhi. Hakunizungusha. Alitoa sharti moja tu, kwamba picha ya msichana ibaki, maana anaaminika. Kisha akaniambia niache kuhesabu watu wanakaa muda gani, nisome wanachouliza.

Siku mbili zilizofuata tulikaa watatu, Mama, Mwalimu na mimi, na lile rundo. Kati ya kila watu kumi, labda wawili walitaka mlango mpya. Waliobaki walitaka huu walio nao ufunge.

Marekebisho. Kazi ambayo mimi niliiona ya kujidhalilisha, sikuitangaza hata siku moja.

Tukaanza tovuti upya. Juu kabisa Mwalimu akaandika: Mlango wako una tatizo gani? Chini yake picha za kawaida nilizopiga mitaani kwa simu: unaokwaruza, unaocheza, unaoingiza maji, kitasa kinachozunguka bila kushika. Ukibofya picha unakutana na maelezo ya Mama, kwa maneno yake, namna ya kujisaidia mwenyewe. Mwishoni kuna mstari mmoja, kwamba ukishindwa fundi anakuja. Na kisanduku kilekile.

Wastani wa kukaa ukashuka kutoka dakika kumi na tisa mpaka dakika nne. Mimi nikasononeka. Mwalimu akanionyesha safu nyingine: waliokuwa wanaondoka, walikuwa wanaondoka wakitupigia simu.

Wa kwanza alikuwa yule mwanamke wa mlango wa jikoni. Kumbe ana nyumba ya wageni, vyumba kumi na sita, na milango yote imevimba. Alisema amemchagua mtu aliyemkataza kununua.

Siku shule zilipofunguliwa, mke wangu alinipigia baada ya kuwafikisha pacha. Alitaka kujua kama nimeenda kwa kaka yake. Nilikuwa nimepiga magoti ghorofa ya pili ya nyumba ya wageni, randa mkononi. Akasikiliza ule mlio kidogo.

"Basi chakula nitakufunikia," akasema, akakata.

Upande wa wale wawili, Mama alianza kunisomea, bila mimi kuuliza.

Mgeni 41 aliandika kwamba amegonga. Siku ya kwanza hakujibiwa. Siku ya pili sauti ya ndani ikauliza nani. Alitaka kusema mwenye nyumba, maneno yakagoma, akasema ni mimi. Mlango haukufunguliwa, ila waliongea, yeye amekaa chini kwenye vigae vyake.

Wiki iliyofuata aliandika Mgeni 58. Ule mlango wa mbao ngumu hautaki tena. Anaomba tu aelekezwe mafuta ya bawaba, kwa sababu siku hizi mlango unafunguliwa mara kwa mara, unalia, na watoto wanaamka.

Mama alicheka mpaka akashika goti.

"Huyu mpelekee mafuta," akaniambia. "Usimtoze."

Nikapeleka. Nilipaka bawaba zote tatu, sikuuliza kitu, na mke wa shemeji hakunitazama usoni hata mara moja.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wiki iliyopita Meneja alikuja tena karakanani. Anataka tovuti ya ghala lake, kama yangu. Na anamtaka yule dada wa Dawati la Huduma, atamlipa mara mbili ya ninavyomlipa mimi.

Mara mbili ya chai na redio. Nikasema nitamfikishia.

Mama alisikiliza, akafikiria kama mtu wa mkataba. Akasema nimjibu kwamba dada amekubali. Mshahara wake ni yeye na mkewe waje kula hapa kila Jumapili, na wasiondoke mpaka vyombo vioshwe.

Nikampigia Meneja, nikamweleza masharti ya dada kama yalivyo, bila kucheka. Upande wa pili nikasikia funguo zikizungushwa.

"Mwambie mama tutakuja," akasema.

Sijui alijua lini. Labda alijua siku nyingi kuliko mimi. Sikuuliza, na Mama nilimfikishia neno kwa neno, naye akageuka kuongeza sauti ya redio.

Nimeandika haya kwa sababu kila siku naona watu wenye biashara ndogo wanauliza huku mitandaoni wafanye nini ili wageni wakae kwenye tovuti zao. Wanaambiwa waongeze rangi, waongeze video, waongeze zawadi. Mimi niliongeza vyote, nikapata sekunde sita.

Mtu hukaa pale anaposikilizwa. Muulize shida yake, mjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba leo asinunue kitu.

Na ukimpata mtu anayejua kusikiliza, hata akiwa mama mkwe wako, usimwendee na habari za goti.